Gari Lililoelekea Manyoni

Pale Ikungi, barabara itokayo Singida inapopita ikielekea Manyoni na Dodoma, palikuwa na benchi la mninga lililoegemea ukuta wa ghala la ngozi. Benchi lile halikuwa na mwenyewe, na kwa sababu hiyo lilikuwa na wenyewe wengi. Upepo wa kiangazi ulipolala, harufu ya ngozi ilikaa benchini pamoja na watu. Ulipoamka, harufu iliondoka na watu wakabaki. Mbele yake Idrissa aliweka jiko la mkaa na dele la shaba, akauza kahawa chungu na kashata za karanga, na wanywaji wakapeana maneno bure. Asubuhi ya mnada ule, katika miaka ile ambayo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, bado alikuwa Mwingereza na Mwafrika mwenye gari lake alikuwa wa kutafutwa kwa tochi, palikuwa na kitu kigeni mbele ya benchi: kigari chekundu, kifupi, kisicho na paa, chenye viti viwili tu, kilichokaa chini kama kuku anayeatamia. Kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa Ulaya wanaoshindana mbio. Watu wa Ikungi walikiita Kiroboto, kwa kuwa hakikuanza safari ila kwa kuruka. Pua yake ilielekea Manyoni.

Mwenye Kiroboto alikuwa Mughwai, mchuuzi wa samli, mtu aliyezoea kukaa ncha ya benchi na kusikiliza kuliko kusema. Asubuhi ile alikaa katikati, kikombe mkononi, asinywe. Kila mwanamke aliyetokea upande wa mnada na kikapu kichwani alimfanya ainue macho, kisha ayainamishe.

— Kunywa, bwana, inapoa, Idrissa alimwambia. Mama mkwe hafiki upesi kwa kukodolewa barabara.

— Sitaki afike upesi, Mughwai akajibu. Nataka afike nikiwa najua kuendesha.

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Kiroboto kilikuwa mali ya Mzungu mmoja mpima mawe, aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Mughwai alikiona siku moja kikipita, vumbi likikikimbilia lisikifikie, na tangu siku hiyo moyo wake haukurudi mahali pake. Aliuza maksai wake wote, Bendera, Tumbako, Sultani na Pole; akauza na mkokoteni; akakinunua. Hakumwuliza mkewe, Anastazia. Na Anastazia ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya maksai wale, msimu hata msimu, kamba mkononi, akiwaita kwa majina, mumewe akishika plau nyuma. Aliporudi kisimani akakuta zizi tupu na kigari mlangoni, hakugomba. Alikizunguka mara moja, akauliza debe la samli litakaa wapi, akafunga nguo zake, akaenda kwao Mgori.

Baadaye baba mkwe akatuma neno. Siku ya mnada, mama yake Anastazia atakuwa Ikungi kuuza karanga. Mughwai amrudishe Mgori kwa gari hilo, aliendeshe mwenyewe. Mama akishuka akasema amesafiri, Anastazia atarudi kwa mumewe. Akishuka akasema amerushwarushwa, basi watangulie kurudi maksai. Na maksai hawakuwa wa kurudi. Tumbako alikwisha kuliwa harusini.

— Jamani, Mughwai akasema, akiweka kikombe chini. Kukiendesha nakiendesha. Nataka kukiendesha vizuri. Nisaidieni kabla hajamaliza kuuza karanga.

— Leseni unayo? akauliza Bama.

Bama alibatizwa Stefano. Jina la pili alirudi nalo kutoka vita vya Burma, pamoja na koti la jeshi ambalo hakulivua hata jua la utosi.

— Ya mkokoteni ninayo.

Benchi likalitafakari jibu hilo, likaliona linatosha.

— Na alikufundisha nani?

— Yule Mzungu, alasiri moja. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: lete, toa, ngoja. Kwa hiyo akanifundisha kwa mikono. Akanionyesha vya kukanyaga. Akashika fimbo ya gia: huku ya kwanza, huku ya pili, huku ya tatu. Mwisho akaisukuma kushoto kabisa, kwenye kona, akaelekeza kidole gumba nyuma ya bega lake.

— Maana yake nini?

— Alikuwa ananionyesha kwao. Safari yake ilikuwa karibu. Nikamtakia safari njema, akacheka, tukaagana.

— Mzungu mwenye adabu, akasema Mzee Alute.

Mzee Alute ndiye aliyewafunza kazi maksai wa nusu ya Ikungi, na hakuna aliyeketi benchini kabla ya kumwamkia. Alikuwa na fimbo ya mpingo ambayo aliitumia kutembelea, kuelekeza na kukataza.

Wa nne alikuwa Antipasi, aliyeitwa Utingo, kwa kuwa ujana wake wote aliumalizia juu ya malori, akipanga mizigo na kusukuma palipokwama. Hakuwahi kushika usukani. Jambo hilo halikupunguza elimu yake.

— Nisikilizeni mimi, Utingo akasema. Barabara hii naijua yote, Singida hadi Dodoma. Naijua kuliko walioichonga.

— Uliisafiri juu ya magunia, ukitazama nyuma, Idrissa akamkumbusha.

— Ndiyo. Kwa hiyo nayajua yote tuliyoyapita. Na kitu kimoja nawaambia: breki ya gari ni mtu. Lori likianza kuteleza, mimi naruka, natia gogo chini ya tairi, linasimama. Dereva yeye alikuwa anapiga honi tu. Mughwai, ukitaka kuendesha vizuri, tafuta mtu wa kuruka.

— Akae wapi? Viti ni viwili, na kimoja ni cha mkwe.

— Akimbie kando.

— Mpaka Mgori?

— Ndiyo maana nasema mtafute mapema, mwenye pumzi.

Bama alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeona majeshi.

— Kosa lako, Mughwai, ni woga wa mwendo. Unakwenda gia ya kwanza, ya pili, unachoka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hesabu mwenyewe: hapo ni haraka mbili. Ya tatu hawakuikataza.

— Lakini nikitia ya tatu kinapiga kelele.

— Kelele ni furaha yake. Tena wakasema, mwenda pole hajikwai. Hajikwai kwa sababu hajafika penye kisiki.

— Mnaanza kumchuna ng'ombe kutoka mkiani, Mzee Alute akasema, na fimbo ya mpingo ikainuka kuelekea Kiroboto. Mwendo si tatizo. Breki si tatizo. Hebu kitazameni kilivyokaa. Kichwa chini. Mabega mapana. Sauti ya kifuani. Halafu kinaruka. Hicho ni fahali. Fahali humfungi nira ukampakia mkwe. Lazima ahasiwe kwanza.

Idrissa akasahau kumimina.

— Mzee, gari linahasiwa wapi? Utingo akauliza kwa heshima.

— Mimi ni mtu wa ng'ombe. Ninyi ndio watu wa magari.

— Mle ndani kuna plagi nne, Utingo akasema polepole, kama mtu anayeanza kuamini. Ukizitoa mbili...

— Basi ndizo hizo.

Mughwai alikitazama Kiroboto, taa zake mbili za mviringo zikiwa wazi mbele, kisijue kinachosemwa juu yake, akaona haya kwa niaba yake.

— Si leo, Mzee Alute akaongeza. Ukimhasi leo atavimba. Hafai kazi mpaka apone. Leo mtakwenda naye hivyo hivyo, kwa kumbembeleza. Jina umempa. Je, umemzoeza sauti?

— Sauti yangu?

— Yako, basi ya nani? Anastazia hakuwa akimpiga Sultani. Alimwita, naye akaja.

Jina la mkewe lilimwingia Mughwai kama moshi jichoni. Alimwona Anastazia mbele ya maksai, kitambaa kichwani, visigino vimepauka kwa vumbi. Miaka yote ile alikuwa amemwona kwa mgongo. Wakifika mwisho wa shamba yeye Mughwai aliinua plau, na mbele huko, kwa namna ambayo hakuwahi kujifunza, Anastazia aliwazungusha wanne wale wakatazama walikotoka. Kazi yake ilikuwa kuinua. Kugeuza kulikuwa kwa mkewe.

— Na jambo lingine, Idrissa akasema. Zile duru zako za jioni pale uwanja wa mnada, zipunguze. Watu wanasema unaringa.

— Siringi. Nageuza, niende nyumbani.

— Kugeuza tu, uzunguke uwanja mzima?

— Ng'ombe hugeuzwaje?

— Kwa kuzungushwa, Mzee Alute akathibitisha, na shauri hilo likafungwa.

Sasa Bama akasimama, akafunga vifungo vyote vya koti.

— Tunapoteza wakati. Jeshini tulifundishwa udereva kabla ya kuonyeshwa gari. Sajini alitukalisha kwenye benchi, kila mtu na sahani yake, tukaendesha mpaka jioni. Wengine walipata ajali. Idrissa, lete sinia.

— Sinia lina vikombe.

— Viteremshe. Nchi ina haja nalo.

Idrissa akaviteremsha. Mughwai akapewa sinia alishike kwa mikono miwili. Fimbo ya Mzee Alute ikasimamishwa kushoto kwake kuwa gia. Na kwa kuwa safari ilikuwa ya mkwe, Utingo akajifunika shuka kichwani, akakaa ubavuni mwa Mughwai, akabana miguu, akatazama mbele kwa haya.

Mughwai akageuza uso mara moja.

— Usigeuke! Tazama barabara! Bama akaamrisha.

— Siwezi. Yuko karibu mno.

Na hapo benchi likagundua lililokuwa gumu kuliko breki na mwendo. Kwa watu wale, mama mkwe si mtu wa kukaribiwa. Mwanamume akimwona mama mkwe wake njiani huiacha njia. Hamtazami usoni, hamshiki mkono, wala hamwambii neno ila kwa kinywa cha mtu wa tatu. Akimgusa, hata kwa bahati mbaya, hupeleka mbuzi wa kuondoa aibu. Na viti vya Kiroboto vilibanana kama meno.

— Gia ya kwanza, akasema Bama. Taratibu.

Mughwai akaisukuma fimbo. Fimbo ikaingia kwenye goti la Utingo.

— Uuwi! Mkwe! Umenigusa! Utingo akalia kwa sauti nyembamba. Mbuzi mmoja!

— Gia ya pili!

— Mbuzi wa pili! Huyu mwanamume ana nini leo?

— Wa tatu, akasema Mzee Alute, kabla gia haijatiwa. Kwa mwendo huu hata mbuzi wa zizi la chifu wangekwisha kabla ya Singida.

Idrissa, ambaye huko kwao Tabora alikaa na watu wa mashairi na hakuwaacha bila kuchukua kitu, alipuliza mkaa, akaghani bila kuinua kichwa:

Umenunua kigari, hakina pa kukalia,
Samli haiko shwari, debe halijatulia,
Na mkweo yu tayari, bega lako kulalia,
Dereva weka hadhari, mbuzi wanakulilia.

— Vina vimekaa, Mzee Alute akasema baada ya kufikiri. Mkwe ndiye hajakaa.

— Kitiwe gia moja toka hapa mpaka Mgori, Utingo akashauri kutoka ndani ya shuka. Mkono usishuke kabisa.

— Injini itaungua.

— Iungue. Injini haidai mbuzi.

— Au mkwe akae kitini peke yake, Bama akasema, na wewe, Mughwai, utangulie kwa miguu, umefunga kamba kwenye usukani. Ukivuta kulia, kinakwenda kulia.

— Hapo sasa ndipo mnasema! Mzee Alute akapiga fimbo chini. Hapo ni maksai.

— Na nani atakanyaga vya kukanyaga? Mughwai akauliza.

— Mkwe, akasema Bama. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na gari lako tayari liko uvunguni. Haya, tena! Kona kali hiyo, kulia! Tegeni viuno!

Wote walitega viuno kulia, benchi zima. Sinia likazunguka, shuka la Utingo likapepea, na Mzee Alute, aliyekuwa abiria tu, alishika kofia yake. Walipomaliza kona na kunyooka, waliona mwanamke amesimama mbele yao, kikapu kichwani na mwavuli mweusi mkononi. Haikujulikana amesimama kwa muda gani.

— Shikamoo, Mzee Alute, akasema Mama Marietha, mama yake Anastazia.

— Marahaba, mama. Habari za mnada?

— Nzuri. Karanga zimekwisha. Mzee, huyu mwenye shuka ni nani?

— Ni wewe, mama.

Mama Marietha alimtazama Utingo, kuanzia miguu iliyobanwa hadi shuka, akalipokea jibu hilo. Utingo akaliteremsha shuka polepole. Mughwai alikwisha ondoka benchini, amesimama kando ya ghala, uso ukutani, sinia bado mikononi.

— Mwambieni mkwe wangu namsalimu, akasema Mama Marietha.

— Mughwai, mkweo anakusalimu, akasema Mzee Alute.

— Mwambieni nimepokea, akasema Mughwai kwa ukuta. Na mimi namsalimu.

— Mama, amepokea, naye anakusalimu.

Hatua zilizokuwa kati yao zilikuwa chache kiasi cha kupeana kikombe, lakini maneno yalipita njia yake, yakapumzika kwa Mzee Alute, yakaendelea.

— Mwambieni niko tayari.

Akaenda kwenye Kiroboto. Watu wa benchi waliinuka kusaidia, hakungoja. Aliufungua mlango mdogo, akaketi kiti cha kushoto, akapakata kikapu. Kisha akafanya jambo ambalo vichwa vyote vya benchi, pamoja na jeshi la Mfalme, havikuwa vimelifikiria: akaufungua mwavuli, akauinamisha upande wa kulia, ukawa ukuta mweusi kati ya kiti chake na cha dereva.

Bama akatazama chini.

— Aibu ya macho imekwisha, Mzee Alute akanong'ona. Imebaki ya goti.

Mughwai akarudisha sinia kwa Idrissa, akaja kwa upande wake, akaketi nyuma ya usukani, kulia kwa mwavuli. Moyo ulimpiga kama plagi nne. Alikuwa amekwisha shika ufunguo sauti ya Mama Marietha ilipotoka nyuma ya mwavuli, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.

— Mzee Alute, niulizieni. Mgori iko huku tulikotoka. Gari linatazama Manyoni. Mkwe wangu analirudishaje nyuma?

Mzee Alute akafungua kinywa alipeleke swali, akakifunga. Halikuhitaji kupelekwa, lilikuwa limefika kwa kila mtu.

Mughwai alitazama mbele. Barabara ilikuwa nyembamba, na kila upande mtaro wa kina. Alitazama uwanja wa mnada. Ulikuwa umejaa ng'ombe, mbuzi na watu hadi ukingoni. Kuku tu angepata pa kugeukia.

— Analizungusha, Idrissa akajibu kwa unyonge. Pale uwanjani.

— Naona kuna ng'ombe.

— Wakitoka...

— Wanatoka jua likizama, mwanangu. Mimi si wa kuota jua hapa kama ngozi.

— Lori, akaanza Utingo, lori lenyewe... Alikuwa amekaa juu ya malori ujana wake wote, na kila yaliporudi nyuma yeye alikuwa chini, akipiga ubavu wa lori na kupaza sauti: njoo, njoo, njoo. Hakujua kilichokuwa kikifanyika ndani.

Zamu ikawa ya Bama. Koti lake lilikuwa limefungwa mpaka shingoni, na mtu wa koti kama lile hawezi kukaa bila jibu.

— Mama, jeshini hatukurudi nyuma, akasema. Lakini ipo njia. Aende mbele hivyo hivyo. Manyoni. Kisha Dodoma. Dodoma ashike Kondoa, Kondoa aje Babati, na kutoka Babati ataingia Mgori kwa upande wa pili. Dunia ni duara.

Hakuna aliyecheka. Utingo alikuwa akiihesabu safari ile kwa vidole, na usoni mwake ilionekana kuwa inawezekana. Mughwai alitazama usukani. Aliona wazi jinsi Mama Marietha atakavyofungua mlango, ashuke, apande lori la mtu mwingine, na jinsi Anastazia atakavyomwona mama yake anafika peke yake.

Mwavuli ukatikisika kidogo.

— Mzee Alute, waulizeni wanaume hawa. Plau likifika mwisho wa shamba, huwa linapitia Kondoa?

— Hapana, mama, akajibu Mzee Alute. Huinuliwa.

— Basi.

Mughwai akashuka kwenye gari. Hii ilikuwa kazi aliyoijua. Akaenda nyuma ya Kiroboto, akainama, akashika chini ya bodi mahali penye chuma imara, akapanua miguu kama alivyoipanua misimu yote ile nyuma ya Bendera na Tumbako, Sultani na Pole. Bama akavua koti. Ilikuwa mara ya kwanza Ikungi kuona shati lake. Utingo akashika upande wa pili, Idrissa akaliacha dele, na Mzee Alute akasimama mbele, fimbo juu, akiita kama waitwavyo ng'ombe.

— Haya! Polepole! Kulia kwake! Msimwamshe!

Waliinua. Kigari kilikuwa chepesi kuliko majivuno yake. Nyuma yake iliondoka ardhini, ikapita juu ya barabara hatua kwa hatua, ikatua. Kisha wakaenda mbele wakainua pua. Mama Marietha alibaki kitini muda wote, kikapu mapajani, mwavuli umesimama wima, akipita mbele ya ghala, mbele ya benchi, mbele ya dele, bila haraka, kama mtu aliyezoea kubebwa. Walipokitua, Kiroboto kilikuwa kinatazama Singida.

Watu wa mnada waliokuwa wamekuja kutazama wakarudi kwa ng'ombe wao.

— Mwambieni mkwe wangu, akasema Mama Marietha, na safari hii sauti yake ilipita ukingo wa mwavuli ikiwa laini kidogo, tukifika Mgori asihangaike na kugeuza. Shamba letu la mtama tumekwisha livuna, liko wazi hadi mlangoni. Alizungushe mle, gari litazame alikotoka, asilizime. Anastazia hana mizigo mingi. Amekwisha ifunga.

Mzee Alute aligeuka apeleke maneno, akaona Mughwai amekwisha yapokea. Alikuwa amerudi kitini, ameshika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbele kwa macho yaliyolowa, na kwa kuwa upepo ulikuwa umeamka, benchi lilikubaliana kuwa ni vumbi.

— Mwambie mkweo umesikia, Mzee Alute akamkumbusha.

— Mwambieni nimesikia.

— Amesikia, mama.

Kiroboto kikaruka mara moja, kama desturi yake, kisha kikashika njia. Nyuma Mughwai alisikia Idrissa akilipindua dele na kusema kahawa imekwisha, ilichemkia jikoni wakati wa kubeba. Na Bama akisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na Utingo akiuliza, kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo, lakini yule Mzungu, yeye, alikuwa akilirudishaje?

Walikwenda. Mughwai alishika fimbo ya gia kwa ncha za vidole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Gia ya pili iliingia bila mbuzi. Ya tatu ikaingia, na kelele ya injini ikatulia ikawa mvumo mmoja. Upande wake wa kushoto ulikuwa mwavuli, na chini ya ukingo wa mwavuli, goti moja lililofunikwa kanga, karibu mno na kona ya mwisho ya gia.

Walikuwa wanapita Puma alipokikumbuka kidole gumba cha yule Mzungu. Alikiona tena kikielekea nyuma ya bega. Akakumbuka pia kwamba baada ya hapo, walipokuwa wakiagana, Mzungu alimwonyesha kwao mara nyingine, kwa mkono mzima, upande mwingine kabisa.

Mughwai akaitazama ile kona. Jibu la swali la mama mkwe, gari hurudishwaje nyuma, lilikuwa pale, kushoto kabisa, mahali goti lilipokuwa; na njiani hapakuwa na Mzee Alute wa kumpelekea neno. Akarudisha mkono kwenye usukani, akaendelea mbele. Kona ile ingemngoja Anastazia.